Simu ya Muungano, mkeka wa nani?

UNGUJA tangu zamani mkeka ni ukili. Unasukwa na mama na bibi zetu huko mashamba, unatandikwa barazani, watu wanalia pilau na kuswalia. Ukichanika, unashonwa, maisha yanaendelea.

Siku hizi kuna mkeka mwengine. Huu hausukwi, unabonyezwa. Ukimsikia kijana wa Jang'ombe au Mwanakwerekwe analalamika kwamba mkeka wake umechanika dakika ya 90, usimtafutie sindano na uzi. Huyo amebeti mechi saba, sita zimeingia, ya saba imemtoa roho.

Mpira wenyewe siku hizi unatazamwa kwa jicho jengine. Kwenye mabaraza ya kahawa ya Mji Mkongwe na maskani za Ng'ambo utamkuta shabiki wa Arsenal anaomba Chelsea ifunge. Si kwa mapenzi, ni kwa kuwa mkeka wake unataka timu zote mbili zipate bao. Mwengine anashangilia kona. Wa tatu anatazama mechi ya ligi ambayo nchi yake hawezi kuionyesha kwenye ramani, na anaitazama kwa jasho kama fainali ya Kombe la Mapinduzi.

Hatutaki hapa kumaliza ubishi wa kama kubeti kuna heri au shari. Kwa Waislamu, ambao ndio wengi mno visiwani, kamari imekatazwa ndani ya Qur'an na masheikh hawajaacha kulisema hilo. Swali la ukurasa huu wa michezo ni jengine: mkeka unaobonyezwa ukiwa Unguja, refa wake nani?

FILIMBI INAISHIA BANDARINI

Tanzania Bara refa yupo. Kuna Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, na kuna Bodi ya Michezo ya Kubahatisha iliyoundwa na sheria hiyo. Bodi ndiyo inayotoa leseni na kukagua waendeshaji. Mtu wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza.

Lakini sheria hiyo iliandikwa kwa ajili ya Tanzania Bara. Fungua Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 uone orodha ya Mambo ya Muungano. Yako 22. Polisi wamo. Posta na simu zimo. Sarafu na mabenki yamo. Kodi ya mapato imo. Michezo ya kubahatisha haimo.

Mpira wenyewe pia haumo. Ndiyo maana kuna TFF na kuna ZFF, kuna Ligi Kuu ya Bara na Ligi Kuu ya Zanzibar, kuna Taifa Stars na kuna Zanzibar Heroes. Mashabiki wa Unguja wanaijua vizuri habari hii. Machi 2017 walisherehekea Zanzibar kupewa uanachama kamili wa CAF, na Julai mwaka huo huo wakanyang'anywa kwa maelezo kwamba Zanzibar si nchi inayojitegemea.

Sasa fuata kinachotokea kijana anapobeti. Anafungua simu: laini yake inasimamiwa na TCRA, taasisi ya Muungano. Anaingia kwenye menyu ya pesa, anaweka namba ya kampuni, kiasi na namba ya siri: hapo msimamizi ni Benki Kuu, nayo ya Muungano. Halafu mkeka unakubaliwa. Hapo Muungano umeishia.

Yaani hatua mbili za mwanzo zina refa mmoja kutoka Bukoba hadi Makunduchi. Hatua ya tatu, ambayo ndiyo kamari yenyewe, filimbi ya refa wa Bara inaishia bandarini Dar es Salaam. Ng'ambo ya pili ya maji, mwenye mamlaka ya kutunga sheria juu ya jambo hilo ni Baraza la Wawakilishi kule Chukwani.

Zamani mpaka huo haukuwa na taabu. Kamari ilihitaji chumba, meza na mlango. Sheha akipita anauona, polisi wakiitwa wanauona, na mashine ikionekana mbaya inabebwa. Leo mlango ni kioo cha simu, na simu iko mfukoni hadi kwenye daladala ya Nungwi.

Ndipo linapokuja suala la haki ya mchezaji. Mtu wa Temeke akishinda na kampuni ikafunga akaunti yake, anajua ofisi ya kwenda kulalamika. Mtu wa Michenzani akifanyiwa hivyo hivyo, atakwenda Bodi ambayo sheria yake haijataja kisiwa chake? Atakwenda kwa sheha, amwambie kwamba amedhulumiwa kwenye kamari? Wengi watanyamaza, maana hata nyumbani hawajasema kama wanacheza.

HESABU YA MKEKA

Kabla ya kwenda mbali, tuuangalie huu mkeka kwa hesabu ya darasa la saba. Wanaobeti wengi wanajua sana majina ya wachezaji, lakini hesabu inawapita.

Chukua mechi ambayo timu mbili ziko sawa kabisa, na wewe unabeti kama mabao yatazidi idadi fulani au hayatazidi. Nusu kwa nusu, kama kurusha shilingi. Kwa haki, odi ingekuwa 2.00 kila upande: weka 1,000, ukishinda upate 2,000. Kampuni haitoi hiyo. Inatoa mathalani 1.90 huku na 1.90 kule. Ile 0.10 iliyokatwa ndiyo duka lake.

Kwa mechi moja unaona ni kidogo, shilingi tano katika kila mia. Lakini vijana hawabeti mechi moja. Wanataka odi kubwa, wanapanga mechi kumi. Hapo ndipo ukili unapofumuka.

Mechi kumi za nusu kwa nusu, uwezekano wa zote kuingia ni mara moja katika 1,024. Kwa haki, aliyeweka 1,000 angelipwa 1,024,000. Kwa odi ya 1.90 mara kumi, analipwa kama 613,000. Ile tano kwa mia imegeuka arobaini kwa mia, kwa sababu kampuni imekata kidogo kila mechi na wewe umeipa mechi kumi za kukata.

Hapo kodi ya ushindi haijagusa kitu. Na tumezungumzia mpira tu, ambao mtu angalau anaweza kujidai anaujua. Kuna kile kindege kinachopaa kwenye kioo, unatakiwa ushuke kabla hakijaruka zake. Kindege hakina kocha, hakina majeruhi, hakina ugenini. Mtu hamalizi dakika 90 kupoteza pesa yake, anamaliza sekunde. Kimepewa nafasi pembeni ya mpira kwa sababu mpira ndio unaoleta wateja.

PESA YA JANG'OMBE, MFUKO WA BARA

Juni 2021, bajeti iliyosomwa Dodoma na Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dk. Mwigulu Nchemba, ilipanga upya kodi ya kubeti michezo. Kodi inayokatwa kwenye zawadi ya mshindi ilishushwa kutoka asilimia 20 hadi 15. Kodi kwenye mapato ghafi ya kampuni ikapandishwa kutoka asilimia 25 hadi 30, na ile asilimia tano iliyoongezeka ikaelekezwa Mfuko wa Maendeleo ya Michezo.

Kwa mtu wa Bara, hilo lina mantiki. Pesa imetoka kwa mashabiki, sehemu yake irudi kwenye michezo. Unaweza kubishana kama inatosha, lakini njia inaonekana.

Sasa mtoe shabiki wa Bara, mweke wa Unguja. Kampuni inapiga hesabu ya mapato yake kwa jumla. Shilingi haina kabila: ya Jang'ombe na ya Mbagala zinaingia kapu moja. Kodi inatolewa kwa sheria ya Bara, na mfuko unaopata ile tano kwa mia unahudumia michezo ya Bara. Michezo ya Zanzibar ina wizara yake na ina Baraza la Taifa la Michezo la Zanzibar.

Kwa hiyo kijana wa Unguja anayechanikiwa na mkeka kila wikiendi anachangia mpira ambao si wa kisiwa chake, huku timu ya mtaani kwake inachangishana nauli ya kwenda kucheza Gamba. Hasara imebaki nyumbani, faida imepanda boti.

Lipo jibu la haraka: basi Zanzibar nayo itoe leseni zake, ikate kodi yake. Lakini jibu hilo lina mwiba. Serikali ikishaanza kula kwenye meza, inaona tabu kuivunja. Na kwa jamii ya visiwani, kujenga uwanja wa watoto kwa pesa ya kamari ni jambo ambalo wazee wengi hawatalimeza hata kwa maji ya madafu. Tusiwabeze. Zanzibar ina haki ya kusema pesa hii haiitaki. Ila kusema hauitaki pesa ni jambo moja, na kuwaacha watu wako waliwe bila msimamizi ni jambo jengine.

KENYA WALIFUNGA NAMBA

Watakaosema kwamba mambo ya mtandao hayazuiliki, tuwapeleke Nairobi mwaka 2019.

Julai mwaka huo serikali ya Kenya ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27 za kubeti, ikidai hazikutimiza masharti, kodi ikiwa mbele. Haikuzunguka mitaani kukamata vijana. Iliiandikia kampuni ya simu ya Safaricom kutaka zifungwe namba za malipo za kampuni hizo. Ilijua pesa inapita wapi, ikaweka mguu pale. Septemba, SportPesa, iliyokuwa kubwa kuliko zote, ikatangaza kusimamisha shughuli zake Kenya. Ilirudi baadaye, lakini somo lilikwishatolewa: mlango wa kamari ya simu ni namba ya malipo.

Lakini Kenya inatufundisha na jengine, na hili ni la watu wa mpira. SportPesa ilipoondoka iliondoka na udhamini wake. Gor Mahia na AFC Leopards, klabu kongwe zenye mashabiki nchi nzima, zikabaki zinahangaika na mishahara. Ligi nzima ilikuwa imeegemea ukuta mmoja, na ukuta ulikuwa wa kampuni ambayo uhai wake uko mikononi mwa serikali.

Zanzibar iliuonja mchuzi huo kidogo. Mwaka 2017 lilipoanzishwa SportPesa Super Cup Dar es Salaam, Jang'ombe Boys walikuwemo pamoja na Simba, Yanga na Gor Mahia. Zawadi ya bingwa ilikuwa kucheza na Everton, na Gor Mahia wakaipata: Julai 13, Wayne Rooney akafunga bao la mbali Uwanja wa Taifa. Mwaka 2018 mashindano yakaenda Nakuru, JKU wakaiwakilisha Zanzibar. Januari 2019 yakafanyika ya tatu. Baada ya hapo, kimya.

Kwa Simba na Yanga kampuni za kubeti zimekuwa kifuani tangu 2017. Mwaka 2022 Yanga walisaini na SportPesa mkataba wa miaka mitatu wa zaidi ya shilingi bilioni 12, Simba wakasaini na M-Bet wa miaka mitano wa bilioni 26. CAF nayo iliingia mkataba na 1xBet mwaka 2019. Kwa miaka hiyo jezi unayomnunulia mwanao Darajani ilikuja na tangazo la mchezo ambao chuoni anafundishwa kuwa ni haramu, na ambao kwa umri wake haruhusiwi kuucheza hata Bara.

Wenzetu walioanza mapema sasa wanarudi nyuma. Aprili 2023 klabu za Ligi Kuu England zilikubaliana kuondoa kampuni za kubeti mbele ya jezi zao, mwisho ukiwa msimu wa 2025/26. Uganda, kwa sheria yake ya 2016, iliweka umri wa kucheza kuwa miaka 25. Kenya mwaka 2025 ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30, na Agosti mwaka huo ikapata sheria mpya ya kudhibiti kamari.

LIGI ITAKAPOGUSWA

Tuseme mtu haguswi na habari za vijana wala kodi. Anaupenda mpira tu. Huyo naye ana la kuhofia.

Pesa ya kubeti haitafuti ligi tajiri pekee. Anayetaka kununua matokeo hawezi kumnunua mshambuliaji wa Manchester City, bei yake haishikiki. Atatafuta ligi ambayo beki analipwa kidogo, mshahara unachelewa, kamera ni moja, na hakuna anayeuliza kwa nini kipa aliacha mpira ule. Februari 2020 FIFA iliwafungia wachezaji wanne waliowahi kuchezea Kakamega Homeboyz ya Kenya kwa kupanga matokeo, mmoja wao maisha.

Wala si lazima mtu aje na begi la pesa. Mchezaji mwenyewe akizama kwenye mikeka ndiye anayekuwa rahisi kununuliwa. Ivan Toney alifungiwa miezi minane Mei 2023 kwa kuvunja kanuni za kubeti mara 232. Sandro Tonali wa Newcastle akafuata Oktoba, miezi kumi, na akaingia matibabu ya uraibu. Hao wana mishahara ya wiki inayoweza kununua boti. Kanuni za maadili za FIFA zinawakataza wachezaji, waamuzi na viongozi kubeti mpira, lakini kanuni haisomi simu ya mtu. Mchezaji wa Unguja anayedaiwa na nusu ya mtaa wake, nani atajua?

Wanaouendesha mpira wa Zanzibar wamejitahidi. Uwanja wa Amaan umefanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa upya Desemba 2023. Mei 2025 Simba walicheza hapo fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na RS Berkane, Agosti CHAN ikaja. Macho ya Afrika yakija kisiwani, na soko la kubeti linakuja nyuma yake. Uwanja umejengwa upya. Uzio wa kuulinda mpira unaochezwa ndani bado unadai.

KIFANYIKE NINI

La kwanza ni la wakubwa. Serikali mbili zina vikao vyao vya kuzungumza kero za Muungano. Hili nalo liwekwe mezani, maana limekaa kwenye mshono: simu na pesa ziko upande mmoja, kamari upande mwengine. Zanzibar ikiamua kukataza, bila ya kufunga namba za malipo itakuwa kama mtu anayemwonyesha kadi nyekundu mchezaji aliye kwenye televisheni. Ikiamua kuruhusu kwa masharti, masharti hayo pia yatapita kwenye namba hizo hizo. Kwa njia yoyote ile, ufunguo uko kwa TCRA na Benki Kuu.

La pili, umri. Laini za simu zinasajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA. Umri wa mwenye laini unajulikana. Anayebaki ni mtoto wa skuli anayetumia laini ya kaka au mama yake, na huyo analindwa na kikomo cha kiasi mtu anachoweza kuweka kwa siku, kitu ambacho mtandao wa simu unaweza kukihesabu bila kuajiri askari hata mmoja.

La tatu, mlango wa kutokea. Uingereza tangu mwaka 2020 kila kampuni ya mtandaoni yenye leseni inalazimika kujiunga na mfumo ambao mtu akijiandikisha mara moja anafungiwa kwenye zote. Mtu wa Unguja anayetaka kuacha leo akifuta programu moja, jioni ujumbe wa ofa unaingia kutoka nyingine. Haki ya kusema "nifungieni" isingoje ubishi wa Muungano umalizike.

La nne ni la ZFF na klabu. Kabla hatujasubiri sheria, kila mkataba wa mchezaji na kila semina ya waamuzi ziseme waziwazi kuhusu kubeti, na mchezaji anayefuatwa na watu wa matokeo awe na mtu wa kumwambia bila kuogopa. Mishahara nayo ilipwe kwa wakati, maana hakuna kanuni inayomlinda mpira kuliko beki aliyeshiba.

Na kwako shabiki, hesabu umeshaiona: moja katika 1,024. Ukitaka kuiangalia mechi kwa raha, iangalie bila ya deni. Wengine tayari wana taabu za kutosha kwa kuishangilia Manchester United.